Mwanao hasikii: utabisha hodi mlango upi?

Mwaka jana jirani yangu mmoja aliitwa shuleni mara 3 katika muhula mmoja kwa sababu ya mwanawe wa gredi ya 3. Mara ya kwanza mwalimu alilalamika kwamba kijana haitiki akiitwa. Mara ya pili akasema anapiga kelele akizungumza, kana kwamba wenzake wako ng'ambo ya mto. Mara ya tatu akatamka maneno yaliyomnyima mama yule usingizi: "Mama, huyu mtoto huenda akawa mzito wa akili. Ingefaa umtafutie shule ya kumfaa."

Jirani huyu si mzembe. Nyumbani alikuwa amekwisha kuona mengi. Kijana aliongeza sauti ya televisheni hadi wapangaji wa chini wakapanda ngazi kuuliza kulikoni. Alilala mdomo wazi na kukoroma kama mzee. Akitumwa mafuta alirudi na maziwa. Mama aliyachukua yote hayo kuwa ukaidi, na ukaidi wa mtoto kila mzazi anadhani anaijua dawa yake. Ni baada ya maneno ya mwalimu ndipo alipoanza kuyashuku masikio. Basi swali likawa moja: daktari wa masikio hupatikana wapi katika jiji hili, na utajuaje kwamba huyo uliyempata ni daktari kweli?

Alianzia duka la dawa. Akapewa matone ya sikio, yalipokwisha akapewa mengine ya chupa ya rangi tofauti. Dada mmoja wa kanisani akamshauri mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na punje ya kitunguu saumu. Kisha akaelekezwa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu ya jengo lenye ngazi za giza, ambako palikuwa na bango la "Daktari wa Masikio, Macho na Meno". Hapo, msomaji, ningekuwa mimi ningegeuka mlangoni, kwa maana mtu anayetibu masikio, macho na meno peke yake katika chumba kimoja ama ni hodari kupita binadamu wote, ama ni jambo jingine. Huyo bwana alipiga maji ndani ya sikio kwa bomba la sindano, akaonyesha uchafu kidogo kwenye bakuli, akapokea fedha zake. Mwisho mama akaingia katika duka la kuuzia vifaa vya kusaidia kusikia, na muuzaji alikuwa tayari kumwandikia risiti ya viwili, kulia na kushoto, kabla hata hajauliza mtoto ana umri gani.

Miezi 6 ilipita hivyo. Katika miezi hiyo yote hakuna hata mtu mmoja aliyeshika taa ndogo akaangalia ndani ya masikio ya yule kijana.

Nimeianza makala hii na safari hiyo kwa sababu naamini wengi wenu mmeipitia, au mnaipitia sasa. Macho yakiuma watu hujua pa kwenda. Jino likiuma, vivyo hivyo. Lakini sikio, pua na koo ni viungo ambavyo kila jirani ni daktari wake, na yule daktari hasa hutafutwa mwisho kabisa, fedha zikiwa zimekwisha.

Tuanze na kumjua ni nani unayemtafuta. Masikio, pua na koo hutibiwa na mtaalamu mmoja kwa sababu ndani ya kichwa viungo hivyo ni kama vyumba vya nyumba moja. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na kutoka chumba hicho mrija mwembamba hushuka hadi nyuma ya pua. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama vizuri, kwa hiyo uchafu hushuka. Kwa mtoto mdogo ni mfupi, na umelala karibu usawa. Ndiyo maana mafua ya mtoto hayachelewi kuwa ugonjwa wa sikio, na ndiyo maana daktari unayemwendea kwa ajili ya sikio huanza kwa kumulika pua na kumwambia mtoto apanue kinywa. Usimwone kama amekosa njia.

Wanaotibu viungo hivyo nchini si wa daraja moja. Yuko daktari bingwa, ambaye alihitimu udaktari wa kawaida kwanza, akafanya kazi, kisha akarudi chuoni kwa miaka mingine akajifunza upasuaji wa masikio, pua na koo. Hawa ni wachache, na sehemu kubwa yao wako Nairobi na miji mikubwa. Lakini yuko pia tabibu, yaani afisa wa kliniki, aliyeongeza masomo ya juu ya masikio, pua na koo katika chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC. Huyu ndiye watu wa mjini hawamjui au humdharau, kwa kuwa hana jina kubwa mlangoni. Ilhali katika hospitali nyingi za kaunti ndiye anayeendesha kliniki ya masikio siku hadi siku. Huangalia, husafisha, hutoa mbegu na maharagwe yaliyonasa, hutibu usaha, na akiona jambo linalohitaji kisu humtuma mgonjwa kwa bingwa kwa barua. Wa tatu ni mtaalamu wa kupima usikivu, ambaye kazi yake ni kupima mtoto au mtu mzima anasikia kiasi gani, na kurekebisha kifaa cha kusaidia kusikia kimfae. Huyu hatibu ugonjwa wala hapasui. Muuzaji wa dukani si yeyote kati ya hao watatu, isipokuwa akuonyeshe cheti.

Sasa njia yenyewe. Katika nchi hii huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na vituo vimepangwa kwa ngazi. Zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ni ngazi ya 3, hospitali za kaunti ni ngazi ya 4 na ya 5, na zile kubwa za kitaifa, kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret, ni ngazi ya 6. Mtu wa mjini hupenda kuruka ngazi. Hupanda matatu alfajiri, akafika hospitali kubwa mikono mitupu bila barua, akapanga foleni hadi adhuhuri, kisha akaambiwa arudi alikotoka akaandikiwe barua ya rufaa. Si ubaya wa wahudumu. Hospitali hizo ziliwekwa kwa ajili ya wagonjwa walioshindikana kwingine, na kama kila mafua yatapelekwa huko, mwenye uvimbe wa koo atakosa nafasi.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni ule ulio karibu nawe, kituo cha afya cha mtaa. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi tunaiita SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mpango ni kwamba aliyejisajili hutibiwa katika ngazi ya 2 na ya 3 kwa gharama ya hazina ya afya ya msingi. Ukipita hapo kwenda hospitali za juu, hazina inayolipa ni nyingine, ile unayoichangia, na hapo mchango wako sharti uwe umelipwa. Wanafunzi wengi huliacha jambo hili hadi siku wanapougua. Kujisajili ni kwa kitambulisho na simu tu, na mtoto huandikishwa chini ya mzazi.

Huko kituoni omba mambo mawili. Kwanza, sikio liangaliwe kwa taa. Kifaa hicho cha kumulikia sikio ni kidogo, hushikwa kwa mkono mmoja, na mhudumu asiyekuwa nacho hawezi kukuambia kuna nini ndani. Pili, kama hali haijapona baada ya matibabu, au kama usaha umetoka kwa zaidi ya wiki 2, omba barua ya rufaa kwenda kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali ya kaunti yako. Uliza pia kliniki hiyo huwa siku gani, maana mara nyingi haiwi kila siku, na nauli ya kwenda bure nayo ni fedha.

Kuna mlango mwingine ambao wazazi wachache wanaujua. Tangu 1984 Wizara ya Elimu imekuwa na vituo vya kuwapima watoto wenye matatizo ya kusikia, kuona na kujifunza, vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC. Mwalimu akikuambia mtoto wako ni mzito wa akili, muulize kituo hicho kilipo katika eneo lenu, na umwombe barua. Mtoto yeyote anayesemekana haelewi darasani anafaa kupimwa masikio kabla hajapewa jina lolote. Tena nawaambia walimu wanaosoma ukurasa huu bila kuwaogopa: anayeketi dawati la nyuma akitazama midomo ya wenzake huenda anafanya kazi maradufu ya yule mnayemsifu.

Na wale wanaoweza kulipa, au walio na bima ya kazini, wakaamua kumwendea bingwa moja kwa moja katika hospitali ya kibinafsi? Hilo halikatazwi. Ila usichague daktari kwa bango wala kwa sifa za saluni. Kila daktari anayetibu Kenya sharti awe ameandikishwa na baraza la madaktari, KMPDC, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Daftari la baraza hilo hupatikana kwenye intaneti, na ukitia jina la daktari utaona kama leseni yake ya mwaka huu ipo, na kama ametambuliwa kuwa bingwa, na wa fani gani. Hilo la fani ndilo la kuangalia. Kuna madaktari halali, wenye leseni safi, ambao si mabingwa wa masikio lakini mlango wao hausemi hivyo. Matabibu nao wana baraza lao, na wao pia huandikishwa. Kama huna intaneti, leseni hutakiwa kutundikwa mahali pa kuonekana. Soma jina, soma mwaka. Mtu aliyesomea kazi yake hatakasirika ukimtazamia leseni ukutani. Anayekasirika amekuokolea fedha.

Kabla ya kumwona, piga simu uulize ada ya kuonana naye ni kiasi gani, kama kupima usikivu ni malipo mengine, na kama bima yako inakubaliwa hapo. Akishauri upasuaji, omba hesabu yote kwa maandishi, ikiwa ni pamoja na ya daktari wa kutia usingizi na ya kitanda. Tena una haki ya kusema, "Daktari, naomba nikamsikie na mwenzako kwanza." Upasuaji wa kuondoa mafindofindo si wa leo leo, na bingwa mwaminifu atakuambia hivyo mwenyewe.

Nirudi kwa yale tunayoyafanya nyumbani huku tukimtafuta daktari, kwa sababu hapo ndipo wengi huharibika. Mafuta ya nazi, maziwa ya mama, maji ya kitunguu, hata mafuta ya gari nimesikia. Sikio linalotoka usaha mara nyingi kiwambo chake kimetoboka, na chochote unachomimina huingia hadi chumba cha ndani. Vile vijiti vya pamba navyo havisafishi, husukuma nta ndani zaidi, na siku mtoto akikupiga kikumbo vitatoboa kiwambo. Nta si uchafu wa aibu. Ni ulinzi wa sikio, nayo hutoka yenyewe. Usaha unaweza kuukausha kwa kusokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, ukauweka mlangoni mwa sikio ukanyonya, ukautupa, ukaweka mwingine, mara kadhaa kwa siku. Utambi huo haugharimu kitu.

Matone ya dukani pia si mamoja. Yapo ambayo yakipenya kiwambo kilichotoboka huweza kudhuru mishipa ya kusikia, na zipo sindano, kama za gentamisini na streptomaisini, ambazo zikitolewa ovyo huacha mtu kiziwi asipone tena. Zina kazi yake hospitalini, chini ya macho ya anayejua kipimo. Duka la dawa lisilotaka karatasi ya daktari si rafiki yako, hata kama liko mlangoni pako na mwenye duka hukukopesha.

Na kuna lile la kimeo, ambacho wengine hukiita kilimi. Katika jamii zetu nyingi mtoto akikohoa bila kukoma, au akikataa kunyonya, hupelekwa kwa fundi akakatwe kimeo. Natambua kwamba wapo wazee wenye heshima wanaoamini hivyo, na wengi wetu tulikatwa tukapona. Lakini kimeo hakileti kikohozi. Kinacholeta ni mapafu, pumu, mafua, wakati mwingine kifua kikuu, na siku zinazopotea kwa fundi ni siku ambazo ugonjwa wenyewe unakua. Wembe wake huweza kuleta damu isiyokatika, pepopunda au sumu ya damu. Mkwe akisisitiza, mwambie kwa adabu: "Mama, tumpeleke kwanza akaangaliwe, tukirudi tutazungumza."

Yapo mambo ambayo hayangoji barua wala siku ya kliniki. Betri ndogo ya mviringo, ile ya saa au ya kidude cha kuchezea, ikiingia puani au sikioni huanza kuunguza nyama katika muda wa saa chache tu. Kimbia idara ya dharura usiku huo huo, wala usitie maji. Mbegu au harage usilimwagie maji vilevile, maana litafura. Mtoto mwenye uvimbe nyuma ya sikio, sikio likisukumwa mbele, asilale nyumbani: usaha unaweza kuwa umeingia kwenye mfupa, na kutoka hapo si mbali na ubongo. Mwenye maumivu ya koo anayedondosha mate kwa kushindwa kuyameza, au anayevuta pumzi kwa mlio, vivyo hivyo. Mtu mzima akiamka asubuhi sikio moja limekufa ghafla, bila mafua wala nta, aonwe siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu dawa za hali hiyo hufaa zikianza mapema na nguvu zake hupungua siku zinavyopita. Watu husema ni upepo wa matatu. Wakingoja mwezi mzima, mara nyingi huwa wamechelewa.

Damu ya pua huwatisha watu kuliko inavyostahili. Keti, inama mbele, si nyuma, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kila mara kuchungulia, na upumue kwa mdomo. Isipokoma baada ya kurudia, nenda hospitali.

Kuna dalili nyingine ambazo hazipigi kelele, na zinawahusu akina baba hasa, kwa kuwa ndio hodari wa kuvumilia. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki 3, uvimbe shingoni usiouma lakini usioondoka, sikio moja lililoziba kwa miezi, pua inayotoka damu upande mmoja tu. Saratani ya nyuma ya pua si ngeni kwetu. Dkt. Peter Clifford, aliyekuwa mpasuaji wa masikio, pua na koo mjini Nairobi katika miaka ya 1950 na 1960, aliichunguza sana humu nchini na kuiandikia. Mara nyingi hujitokeza kama uvimbe wa shingo, na mgonjwa hutibiwa kifua kikuu au mafindofindo kwa muda mrefu kabla mtu hajafikiria kuchungulia nyuma ya pua. Si kila uvimbe ni saratani, wala walio wengi sio. Lakini anayeweza kukuambia ni yule mwenye kamera nyembamba ya kupitisha puani, si mwenye duka.

Vijana wa vyuo nao nawaona. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba kwa watoto sehemu ya 60 kwa mia ya upungufu huo ingeweza kuzuiwa. Sauti ya desibeli 80, shirika hilo linasema, isizidi saa 40 kwa wiki. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Sasa hesabu mwenyewe matatu ya mapambo na spika zake, asubuhi na jioni, kisha visikizi masikioni hadi saa nane za usiku. Ukitoka kwenye disko masikio yakilia nzii, hilo ni onyo. Mlio ukibaki siku ya pili na ya tatu, nenda zahanati ya chuo, uandikiwe kwenda kupimwa. Kipimo chenyewe hakiumi. Unakaa kwenye kibanda kisichoingiza kelele, unavikwa visikizi, unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio hata ukiwa hafifu vipi, na mwisho unapewa mchoro unaoonyesha umepoteza sauti zipi.

Siku ya kuonana na bingwa utakuwa naye kwa dakika chache, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Chukua kitabu cha kliniki cha mtoto, na chupa zote za dawa alizotumia, hata zile tupu. Andika kwenye karatasi tatizo lilianza lini, sikio lipi, usaha una harufu au hauna. Eleza kama alizaliwa njiti, kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au surua, kama kuna wengine katika ukoo wasiosikia. Kwa mtoto anayekoroma, mrekodi kwa simu akiwa usingizini, picha na sauti, dakika 1 au 2 zatosha. Daktari hawezi kulala nyumbani kwako, lakini akiona mtoto anavyokata pumzi na kushtuka ataelewa zaidi ya maneno yako yote. Kabla hujatoka, uliza umeambiwa ni ugonjwa gani, kwa Kiswahili, na ukiandikiwe. Uliza pia kitatokea nini usipofanya lolote kwa miezi 3. Swali hili la mwisho linawasumbua watu kuliuliza, lakini wakati mwingine jibu ni kwamba kungoja ndiyo dawa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wa jirani yangu. Siku mama alipochoka na mabango aliingia kituo cha afya ambacho hukipita kila asubuhi akienda kazini. Muuguzi akamulika masikio, akasema, "Mama, hapa hakuna nta. Kiwambo kimefifia na kinaonekana kuna maji nyuma yake. Nitakuandikia barua." Katika hospitali ya kaunti alipokelewa na tabibu wa masikio, kijana wa makamo asiye na maneno mengi, aliyempima kwa mashine ya kusukuma hewa na kukuta viwambo vyote viwili havitikisiki. Nyuma yake kulikuwa na majimaji mazito kama gundi. Hayaumi, hayatoi usaha, hayaleti homa, na ndiyo maana mzazi haoni kitu. Mtoto husikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye ndoo ya maji. Aliwaambia warudi baada ya miezi 3, maana kwa watoto wengi maji hayo hukauka yenyewe, na akamwandikia mwalimu barua fupi kwamba mtoto akae dawati la mbele.

Baada ya miezi 3 maji yalikuwa bado yapo. Hapo ndipo walipotumwa kwa bingwa, ambaye alipata kwamba adenoidi, ile tezi ya nyuma ya pua, ilikuwa imeziba njia ya mrija. Akaiondoa, na katika kila kiwambo akatia kijibomba kidogo kuliko punje ya mchele, cha kuingiza hewa, ambacho hudondoka chenyewe kadiri kiwambo kinavyopona. Waliingia hospitalini asubuhi, kesho yake wakawa nyumbani.

Mama alinieleza kwamba usiku ule wa kwanza kijana aliamka akaja chumbani kwake, akauliza ni nini kile kinacholia jikoni. Ilikuwa friji. Ilikuwa ikilia hivyo kwa miaka 4.